Hima: Pale Ardhi Nayo Inapofunga

  

 Najua huenda unausoma ukurasa huu alasiri, koo limekauka na jicho liko kwenye saa, kwa hivyo sitakuzungusha sana. Nataka nikupe historia ya neno moja la Kiarabu. Neno hili nililisikia madrasa nikiwa mdogo nikalipita tu, kama mtu anavyolipita jiwe njiani. Nikaja nikakutana nalo tena chuo kikuu, katika somo la uchumi, mahali ambapo sikulitarajia kabisa. Neno lenyewe ni hima, yaani eneo la malisho lililolindwa.

Lakini kabla ya historia, niungame kosa langu mwenyewe.

KIKAO CHA NYUMBANI

Sisi kwetu ni Isiolo, upande wa mto Uaso Nyiro, na ni wafugaji tangu enzi za mababu. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ulitumaliza. Misimu mitano ya mvua ilipita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya maana, na kufikia mwisho wa 2022 mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa hapa Kenya. Babu yangu alikuwa na ng'ombe sitini. Walibaki tisa.

Likizo iliyopita ukaitishwa mkutano wa jamaa. Swali lilikuwa moja: ile ardhi yetu ya malisho igawanywe, kila nyumba ipate kipande chake na hati yake, au ibaki ya pamoja kama ilivyokuwa? Mimi ndiye msomi wa nyumba, basi nikapewa nafasi ya kusema. Nikasimama, nikasafisha koo, nikawaambia wazee kwamba sayansi imeshathibitisha: malisho ya pamoja ni mali isiyo na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe lazima kiharibike. Tugawane, kila mtu alinde chake, na mwenye kutaka mkopo wa benki awe na kitu cha kuweka rehani. Vijana wenzangu wakanipigia makofi.

Babu hakunijibu kwa hotuba. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, mvua ikinyesha kwenye kipande cha jirani, ng'ombe wako watakula hati?"

Watu wakacheka. Mimi nikanuna. Mkutano ukaahirishwa hadi baada ya Idd, na nimetakiwa niseme tena. Basi nikarudi chuoni, na badala ya kununa nikaenda maktaba. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyakuta huko.

HESABU SAHIHI, JUMLA MBAYA

Maneno niliyowaambia wazee hayakuwa yangu. Ni ya mwanabiolojia wa Marekani aitwaye Garrett Hardin, aliyechapisha makala katika jarida la Science mwezi wa Disemba mwaka 1968. Naye wazo hilo alilichukua kwa Mwingereza William Forster Lloyd, aliyeliandika mwaka 1833.

Hardin anasema: fikiria uwanja wa malisho ulio wazi kwa kila mtu. Mchungaji anajiuliza, nikiongeza ng'ombe mmoja nitapata nini? Faida ya yule ng'ombe, maziwa yake na bei yake mnadani, yote inaingia mfukoni mwake. Hasara, yaani nyasi zilizopungua, inagawanywa kwa wachungaji wote. Kwa hivyo akili inamwambia aongeze. Kisha aongeze mwingine. Na jirani yake ana akili hiyo hiyo. Mwishowe nyasi zinakwisha na wote wanaangamia pamoja.

Hebu ona ajabu hiyo, ndugu msomaji! Kila mmoja amepiga hesabu yake sawasawa, na jumla ya hesabu zote ni msiba. Hardin aliona njia mbili tu za kutokea: ama malisho yagawanywe yawe mali ya watu binafsi, ama serikali iyashike. Makala yake ilisomwa dunia nzima, na bado inasomeshwa mpaka leo.

Lakini kuna wasomi waliouliza swali lingine. Kama akili yako inakupeleka shimoni, kwani hiyo ni akili ya namna gani? Mwaka 1987 mtaalamu wa elimu ya siasa, John Dryzek, aliandika kitabu kizima juu ya akili ya aina nyingine, ambayo kwa Kiswahili cha wasomi tunaweza kuiita urazini wa kiikolojia. Jina ni zito lakini maana yake ni nyepesi. Mwanauchumi huuliza, je, jambo hili lina faida? Mwanasiasa huuliza, je, litanipa nguvu? Akili hii ya tatu inauliza: ardhi ikianza kulia, kuna mtu anayesikia? Na yule anayesikia, ana uwezo wa kubadilisha mambo kabla hayajaharibika? Dryzek alilipima soko, akaipima serikali, akaipima sheria, akayapima na mashauriano ya watu wenyewe, kila kimoja kwa kipimo hicho.

Tafadhali lishike swali hilo. Tutaipima nalo hima.

KULAYB NA MBWA WAKE

Hima haikuanza na Uislamu. Ilikuwepo Arabuni zama za Jahiliyya, lakini ilikuwa kitu kibaya. Wanavyuoni wetu, akiwemo Imam Shafi'i, wamesimulia jinsi ilivyokuwa. Mkubwa wa kabila akifika mahali penye majani, hupanda juu ya kilima na kumfanya mbwa wake abweke. Kila upande ambako sauti ya mbwa imefika, hiyo inakuwa hima yake. Hapo halishi mtu mwingine. Na bado yeye mwenyewe huenda kulisha pamoja na watu katika ile sehemu iliyobaki.

Aliyejulikana zaidi kwa mambo haya ni Kulayb bin Rabia wa kabila la Taghlib. Siku moja alimpiga mshale ngamia wa mgeni aliyeingia katika malisho yake, na ngamia huyo alikuwa chini ya hifadhi ya mwanamke aitwaye Basus. Kulayb akauawa kwa ajili ya hilo, na vikaanza vita vya Basus ambavyo wasimulizi wanasema vilidumu miaka arubaini. Miaka arubaini, ndugu yangu, na chanzo ni ngamia mmoja na nyasi!

Ipime sasa hima ya Kulayb kwa swali letu. Ardhi ikilia, nani anasikia? Hakuna. Mwenye hima anasikia mbwa wake tu.

Mtume (SAW) alipokuja hakuifuta hima, aliigeuza. Alifundisha kwamba hakuna hima isipokuwa ya Allah na Mtume wake, yaani hapana mkubwa anayeruhusiwa kuzuia malisho kwa ajili ya tumbo lake. Kinacholindwa kilindwe kwa maslahi ya watu wote. Yeye mwenyewe alilinda bonde la Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na alifundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Neno likabaki lile lile, lakini maana ikapinduka: jambo lililokuwa la kuwafungia wanyonge nje likawa la kumzuia mwenye nguvu.

UMAR NA HUNAYY

Sasa nifike kwenye kisa ambacho nilikisoma madrasa bila kukielewa. Kimo katika Sahih Bukhari. Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alipokuwa khalifa alilinda malisho ya Sharaf na Rabadha, na akamweka mtu wake aitwaye Hunayy ayasimamie. Kabla hajaondoka akampa wasia.

Alimwambia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwambia, mtu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, huyo mruhusu aingie. Lakini jihadhari na mifugo ya Abdulrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hawa, ndugu msomaji, ni maswahaba wakubwa, wote wawili miongoni mwa wale kumi waliobashiriwa Pepo! Umar hakuwa na shaka na imani yao. Sababu aliyoitoa ni ya hesabu tupu: hawa wawili mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao. Lakini yule mwenye wanyama wachache, wakifa, atamjia khalifa na watoto wake mkononi akilia shida, na khalifa hawezi kumwacha. Basi kutoa maji na majani leo ni rahisi kuliko kutoa dhahabu na fedha kesho.

Mimi nilipokisoma tena kisa hiki maktaba nilifunga kitabu nikakaa kimya. Hapa kuna uchumi, kuna siasa, na kuna mazingira, vyote katika wasia mmoja wa karne ya saba. Umar amehesabu gharama ambayo mchungaji wa Hardin haioni, ile gharama inayokuja kesho na kumwangukia mtu mwingine. Amejua kuwa mlango ukiachwa wazi kwa wote, atakayeingia wa kwanza na kushiba ni mwenye mifugo mingi. Na amemweka mtu pale pale penye nyasi, mwenye macho ya kuona na amri ya kuzuia.

Tena hakujidanganya. Katika wasia ule ule alikiri kwamba watu wa pale wanaona amewadhulumu, kwa sababu ile ni nchi yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake. Akaapa kuwa lau si wanyama anaohitaji kwa jihadi, asingezuia hata shubiri moja ya ardhi yao. Kiongozi anayelinda kitu cha umma na bado anasikia uchungu wa aliyezuiwa, huyo ndiye kiongozi tunayemtafuta.

ARDHI INAYOFUNGA NA KUFUTURU

Baada ya hapo hima iliendelea Bara Arabu karne baada ya karne, si kwa amri ya makhalifa tu bali mikononi mwa makabila na vijiji. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa malisho wa FAO, Omar Draz, alizunguka sehemu hizo, na mwaka 1969 akaandika aliyoyakuta. Alikuta kwamba hima ziko za aina nyingi. Kuna ambapo mifugo haiingii kabisa, lakini mwaka wa ukame watu huruhusiwa kukata majani kwa mkono, kwa kiasi. Kuna ambapo malisho hufungwa majira fulani na kufunguliwa majira mengine. Kuna zinazofungwa wakati wa maua kwa ajili ya nyuki. Kuna za miti, ambapo haikatwi ila kwa dharura kama ujenzi wa msikiti au nyumba iliyoungua. Na kuna za idadi maalum ya wanyama. Aliyevunja sheria zamani alichinjiwa mnyama wake mmoja, baadaye ikawa faini ya pesa.

Unaona inafanana na nini? Kitu ni halali, lakini kuna wakati wake. Unajizuia leo ili kesho kiwepo na kiwe na ladha. Ardhi nayo, kumbe, ina saumu yake na ina futari yake.

Halafu mwaka 1953 serikali ya Saudi Arabia ikatoa amri ya kuzifuta hima za makabila. Nia haikuwa mbaya. Makabila yalikuwa yakizozana juu ya mipaka, na dola changa ilitaka raia wote wawe sawa: nchi ni moja, malisho ni ya kila mtu. Nani angepinga usawa? Lakini mlinzi aliondolewa na hakuwekwa mwingine mahali pake. Hapo ndipo malisho yakawa kweli kama yale ya Hardin, yaani wazi kwa kila mtu.

Zikaja lori. Mwenye lori aliweza kuwafuata mvua popote iliponyesha, akafika kabla ya mwenye kutembea kwa miguu. Likaja tangi la maji, likawawezesha wanyama kubaki mahali ambapo kisima kimeshakauka. Ikaja shayiri ya kutoka ng'ambo kwa bei iliyopunguzwa na serikali, hata Saudi Arabia ikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa shayiri duniani. Zamani nyasi zikiisha, mifugo huondoka, na ardhi ikapumzika. Sasa nyasi zikiisha, mifugo hubaki palepale ikila shayiri, na kila jani jipya likichomoza linang'olewa. Ardhi ilikuwa inalia, lakini lori na shayiri vilimziba mwenye mifugo masikio. Maelfu ya hima yaliyokuwepo yakapungua hadi kubaki za kuhesabika, kama zile za milimani karibu na Taif, ambako mtu akisimama kwenye mpaka huona upande mmoja una majani na upande wa pili ni mawe.

Amri ya usawa iliwaneemesha wenye lori. Kina Hunayy waliondoshwa mlangoni, na wenye mifugo mingi wakaingia.

BIBI ALIYEKWENDA KUULIZA

Sasa turudi kwa wachumi. Baada ya Hardin kuandika, mwanamke mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: alikwenda kutazama. Yeye na wenzake walikusanya habari za wavuvi, wafugaji na wakulima wa nchi mbalimbali ambao wanatumia mali ya pamoja, wakauliza, je, kweli wote wameangamia? Mwaka 1990 akatoa kitabu chake. Jibu lilikuwa: wengine wameangamia, na wengine wako palepale kwa mamia ya miaka.

Alitaja kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi, ambako sheria ya mwaka 1517 ilikataza mtu kupeleka mlimani wakati wa kiangazi ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha nyumbani wakati wa baridi. Hesabu imemalizika hapo. Huhitaji polisi wala kompyuta, unatazama ghala la majani la mtu tu.

Alitaja pia mashamba ya Valencia, Hispania, na hapa, ndugu msomaji, ni nyumbani kwetu kidogo. Mifereji ya huko inaitwa acequia, neno lililotoka kwenye Kiarabu as-saqiya. Ni urithi wa zama za Waislamu wa Andalus. Mpaka leo kila Alhamisi saa sita mchana wakulima waliochaguliwa hukaa mbele ya mlango wa kanisa kuu la mji, mahali palipokuwa na msikiti, wakaamua kesi za maji kwa mdomo, hukumu ikatoka hapo hapo. Wenyeji husimulia kuwa siku ni Alhamisi kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku ya Waislamu.

Ostrom alitoa kanuni nane. Nitakupa chache tu. Mipaka ijulikane, na wanaohusika wajulikane. Kanuni zilingane na mahali penyewe. Wanaotumia ndio washiriki kutunga kanuni. Mlinzi awe mmoja wao au awajibike kwao. Adhabu ianze ndogo ikue kwa anayerudia. Na serikali isiwavunjie. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Hardin naye, mwaka 1994, alikiri katika makala nyingine kwamba msiba aliouzungumzia ni wa mali ya pamoja isiyosimamiwa.

Isiyosimamiwa! Neno moja tu. Neno ambalo mimi niliposimama mbele ya wazee sikulitamka.

KUMBE NA SISI TULIKUWA NAYO

Niliposoma kanuni zile nikashtuka, kwa sababu nyingi nilikuwa nazijua. Sisi Waboran wa Waso tuna dedha, yaani eneo la malisho na wazee wake wanaolisimamia. Wazee wa dedha ndio wanaosema, huku ni kwa wakati wa mvua, kule kando ya mto ni kwa wakati wa kiangazi, na kule mbali kuwekwe akiba, hapaguswi mpaka ukame ukaze. Kisimani yuko aba herega, mwenye kupanga zamu ya kunywesha, leo nani na kesho nani. Mgeni anayekimbia ukame hakatazwi, lakini lazima aje aombe kwanza.

Basi ilikuwaje tukafika hapa? Kwanza vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Wafugaji wengi wa Isiolo walikusanywa kambini na mifugo yao ikaangamia au ikachukuliwa. Mtu aliyefungwa kambini hawezi kufuata kanuni ya kiangazi na mvua. Kisha ardhi ikawa chini ya baraza la kaunti kwa jina la amana, na amri ya mzee wa dedha haikuwa na nguvu mbele ya sheria. Halafu vikachimbwa visima vya mashine kwa nia njema katika maeneo ya akiba, na palipo na maji mwaka mzima mifugo nayo ikakaa mwaka mzima. Unakumbuka tangi la maji la Saudia? Ni kisa kile kile.

Na je, dawa ya kugawana? Nayo imeshajaribiwa hapa nchini. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa makala ya Hardin, Kenya ilipitisha sheria ya kusajili mashamba ya vikundi vya wafugaji, na mengi yakaanzishwa Kajiado na Narok. Kuanzia miaka ya 1980 mengi yakaanza kugawanywa vipande. Wenye ujuzi wa ofisini wakajipatia vipande vikubwa na vizuri, wengine wakauza vyao kwa bei ya shida, na nyaya zikafungwa kwenye njia za mifugo. Mvua ya nchi kavu hainyeshi kwa haki. Hunyesha huku ikaruka kule. Mwenye ekari zake hamsini zilizorukwa, afanye nini na hati? Swali la babu lilikuwa na jibu miaka mingi kabla hajaniuliza.

Lakini nisikudanganye, ndugu msomaji, kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Watu tumeongezeka, mvua zimebadilika, na wako wazee wanaopendelea jamaa zao. Wanawake, ambao ndio wanaokamua na wanaojua ng'ombe yupi amedhoofu, mara nyingi hawaitwi kikaoni. Pamoja bila uadilifu ni hima ya Kulayb iliyovishwa kanzu. Kwa hivyo kurudi nyuma hakutoshi. Kule Lebanon, tangu mwaka 2004, jumuiya ya kulinda maumbile ya nchi hiyo imekuwa ikifufua hima pamoja na mabaraza ya miji, kwa ajili ya ndege, maji na malisho, na katika vijiji hivyo wako Waislamu na Wakristo. Walichukua jina la zamani na kamati za leo.

Sisi nasi tuna mlango. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii kujisajili, kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na kujitungia kanuni zake. Kuitoa ardhi kwa mtu mwingine kunahitaji theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa. Hiyo ina maana kwamba kura ya kila mwanachama mzima aliyesajiliwa ina uzito wake.

NITAKALOSEMA BAADA YA IDD

Katika Surat ar-Rahman Allah (SW) ametaja mizani katika aya tatu zinazofuatana, akatutaka tusiivuke wala tusiipunje. Sisi tumezoea kuifikiria mizani ya duka, sukari na mchele. Lakini aya zile zimeanza na mbingu. Nyasi zina mizani yake, maji yana mizani yake, na anayepunja hapo anampunja mtoto ambaye hajazaliwa.

Basi Idd ikifika, inshaallah, nitasimama tena. Kwanza nitamwomba babu radhi mbele ya watu, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Kisha nitasema: tusigawane, na wala tusiache wazi. Tujisajili kwa jina letu, mipaka iandikwe. Akiba ya ukame ifungwe na ipewe tarehe zake. Kisima kisichimbwe mpaka wazee na vijana wamekubaliana mahali. Kina mama wakae kwenye kamati. Na anayelinda mlango awe na ruhusa ya kumzuia mwenye ng'ombe mia tano, awe mfanyabiashara au mheshimiwa, huku akimpisha mjane mwenye mbuzi wanne. Wenye elimu tuandike, kwani kazi ya msomi wa nyumba ni kuandika walichoamua wanaoijua ardhi, si kuwahubiria kitabu alichokisoma nusu.

Wewe nawe, ndugu msomaji, hata kama hukufugia mbuzi, una hima yako. Ni mikoko ya kijijini kwenu, ni mwamba wa kuvulia samaki, ni kisima cha msikiti, ni uwanja wa watoto unaonyemelewa na mwenye pesa. Uliza tu maswali yale: ikilia, nani anasikia? Na anayesikia, ana uwezo gani? Ukiona hakuna mtu, basi huenda mtu huyo ni wewe.

Tumwombe Allah (SW) atukubalie saumu zetu, atuteremshie mvua yenye kheri, na atujaalie tuwe walinzi waadilifu wa alichotuamini nacho. Yaliyo sawa katika maandishi haya yametoka kwa Allah, na makosa ni yangu.